Moto Ulio Hai

Harlan, wamenisimamisha kabla ya maji.
Kibao kilekile cha manjano:
MAGARI YENYE GESI, KULIA.
Wewe ulikuwa ukikisoma kwa sauti kila safari
kama mtu aliyeona jina lake gazetini,
nami pembeni nikibambua karanga.

Leo kulia nimekata mwenyewe.
Gari lako la nyumba, futi thelathini za ukaidi,
limepanda ukingo, likashuka,
sufuria zikalia kabatini zote,
hata ile usiyoipenda.

Mkaguzi ni kijana. Kifuani imeandikwa Crisanto.
Ana tochi mchana kweupe.
"Mitungi mingapi, mama?" Miwili.
"Koki zimefungwa?"
Nikasema sijui.
Miaka thelathini na mmoja nimepita chini ya ghuba hii
nikila karanga,
sijui kufunga ni kulia au kushoto.

Hakucheka. Akanisomea karatasi yake polepole:
mitungi isizidi kipimo, isivuje, ifungwe barabara,
na moto wowote ulio hai ndani ya gari
uzimwe.
Alisema hivyo: ulio hai.
Labda ndivyo ilivyoandikwa. Labda ni yeye.

Hapo ndipo magoti yaliponiishia nguvu,
kwa sababu ya friji, Harlan.
Ule mwali mdogo nyuma ya friji,
uliouwasha Machi kwa njiti moja,
umelala kifudifudi, shati limepanda mgongoni,
unatukana,
kisha kimya, kisha: "Haya, umeshika."
Aprili tukakuzika.
Tangu hapo nabadilisha mitungi kabla haijaisha,
gari limeegeshwa uani, friji haina kitu ila siagi,
na usiku natoka na kandambili
kuchungulia kidirishani kama bado upo.
Binti yako anadhani natafuta panya.

Nikamuuliza kijana: na mtu asipozima?
Akanyoosha kidole kaskazini.
Kuna barabara ya kuizunguka ghuba, akasema,
itakula siku yako, lakini haina handaki.
Hakunihimiza.
Lori la kuku nyuma yangu ndilo lililopiga honi.

Akafungua kijimlango ubavuni, akanipisha.
"Kulia ni kufunga. Usikaze kama una hasira nayo."
Nilikaza kama nina hasira nayo.
Kisha nikakimbilia kidirisha.
Nilidhani kutakuwa na kishindo.
Ulipungua tu, ukawa kama ukucha wa mtoto,
ukawa rangi ya mshipa,
ukaondoka bila kuaga.
Sitasema kama nani.

Handakini taa zinapita juu ya kioo moja moja.
Manowari za Norfolk, na uzito wao wote,
zinapita juu ya siagi yetu.
Mbele yangu basi la shule; mtoto mmoja wa kiti cha nyuma
amenipungia mkono, akaendelea kunipungia.
Huku chini hakuna mlango wa kukimbilia.
Nimeitukana kanuni ile tangu kibaoni,
na katikati ya bahari, nikimtazama mtoto yule,
nikaacha.

Ng'ambo nimeegesha penye maganda ya chaza.
Kushoto ni kufungua.
Nimelala kifudifudi, mgongo wazi kwa upepo.
Njiti ya kwanza upepo umeila.
Ya pili ni mkono wangu.
Ya tatu nikatoa lile tusi lako, neno kwa neno,
mwanamke wa miaka sitini na nane,
mbele ya ndege wa baharini.

Umeshika.
Nimeutazama muda mrefu nikitafuta tofauti.
Ni bluu. Unavuma kidogo kama ule.
Haunijui wala haukujui.

Siagi imelainika pembeni.
Bado inalika.